Aliyenyolewa Pahali pa Paul

Paul: Haloo? Bibiche, ni weye? … Haloo, dada yangu, uko unasikia?

Hakorimana: Si Bibiche. Simu njo yake, sauti ni yangu.

Paul: Nani?

Hakorimana: Hakorimana.

Paul: Hako. Eh, kaka. Subiri nipunguze redio… Bon. Sasa nakusikia. Uko wapi?

Hakorimana: Bado niko kwenu, Itebero. Nimepanda hapa nyuma ya kanisa, ku kisiki ya ule muti balikataka, pahali rezo ya simu inashika. Asubui mujema, Paul.

Paul: Asubui mujema, kaka. Na Mama? Iko muzima?

Hakorimana: Mama iko. Anakula kidogo, analala kidogo, lakini iko. Bibiche anakusalimia. Hapana, hakunituma kukusalimia. Nimesema tu juu mudomo ilishazoea.

Paul: [anacheka] Haubadilike, weye.

Hakorimana: Na tumbo?

Paul: Tumbo… inaenda polepole. Munganga anasema nisiamuke. Niko tu hapa ku kitanda, naangalia dari.

Hakorimana: Pole sana.

Paul: Aksanti. Nikikohoa tu, kidonda inavuta. Hata kwenda choo ni mupaka bananishika.

Hakorimana: Ni upande gani tena?

Paul: Eh?

Hakorimana: Kidonda. Iko upande gani?

Paul: Upande wa kuume, hapa chini. Lakini tuache mambo yangu. Nielezee kwanza. Bazee balikupokea? Kufunga matanga ya Papa, ilipita muzuri?

Hakorimana: Ilipita.

Paul: Umese— [rezo inakwaruza] —haloo?

Hakorimana: Nimesema ilipita. Jumamosi, vile bazee balipanga.

Paul: Mungu asifiwe. Haujue vile nilikuwa nateseka hapa. Nilikuwa nafikiri weye tu. Nasema, sasa Hako iko mu njia, sasa Hako amefika. Njia ilikuwa aje?

Hakorimana: Njia ni njia. Kutoka Kibabi nilishuka na njia ya Katoyi, kisha nikaingia mu pori. Bariyeri ilikuwa mingi. Kila mwenye bunduki anataka jina, na jina yangu unajua vile iko. Kwetu ku milima inapita, lakini huko chini mu pori nikiitaja tu, bananiangalia mara ya pili. Nikasema naenda ku matanga ya Papa Byamungu wa Itebero. Banauliza: muntu wa milima anahusika nini na Byamungu? Nikabaeleza kama mutoto yake mukubwa iko mugonjwa Ulaya, amenituma nisimame pahali pake. Bamoja balicheka. Bengine baliniacha nipite, na moja akanipatia muhogo ya kuchoma. Kisha mvua. Muto ya Luowa ilikuwa imejaa, tukalala ng'ambo yake tukisubiri maji ishuke. Kiatu yangu moja ilibakia mu matope, nikaingia kwenu na mguu moja ya kiatu na moja ya majani.

Paul: Kaka. Mungu akubariki. Hakuna muntu mwengine anaweza kunifanyia hivyo.

Hakorimana: Papa Byamungu alinifanyiaka zaidi. Wakati tulikimbia vita Kibabi, nilifika hapa bila hata shati, na akasema: huyu alale pamoja na Paul. Haukumbuke? Tulilalaka ku matela moja, godoro kidogo, mupaka ikapasuka.

Paul: Nakumbuka. Ulikuwaka unapiga teke.

Hakorimana: Ni weye ulikuwa unapiga teke. Bon. Jumamosi asubui bazee baliniweka katikati ya lubanza, pale inje mbele ya nyumba. Baba mudogo yako, ule wa jicho moja, njo alisimama. Akauliza: mutoto mukubwa wa Byamungu iko wapi? Unajua desturi yenu kuliko miye. Mwengine hanyolewe pahali ya mutoto mukubwa kama si kwa ajili ya bitu bitatu: ugonjwa, gereza, ao vita. Nikajibu: ugonjwa.

Paul: Ndiyo. Sawa.

Hakorimana: Akasema, leta wavu. Bakaleta wavu ya Papa, ile ya kuwinda, bakaiweka chini. Akasema, weka mukono juu yake na useme tena. Nikaweka mukono. Nikasema, Paul amepasuliwa tumbo, iko ku kitanda ya lopitali, hawezi kuamuka. Hapo njo baliniosha kichwa na kuninyoa, ndevu na nyusi. Mama alilia. Akanishika ku masikio hivi, akaniita jina yako.

Paul: Kaka, sina neno. Kweli, sina neno.

Hakorimana: Neno moja unayo. Njo nimepanda huku kwa ajili yake.

Paul: Neno gani?

Hakorimana: Ile mulima inaitwaka aje?

Paul: Mulima… gani?

Hakorimana: Ile ulipanda Jumamosi.

Paul: Haloo? Rezo inakatakata, sisikie muzuri. Umesema mulima ya huko kwenu?

Hakorimana: Nimesema mulima ya huko kwako. Bibiche alipanda hapa ku kisiki Jumatatu, atumie shangazi habari ya matanga. Simu ikashika rezo, foto zikaanza kuingia moja moja. Édouard aliziweka. Ule Édouard tulisoma naye Goma, ule wa kusinzia mu masomo. Kumbe naye iko huko siku hizi.

Paul: Iko Grenoble. Si mbali na—

Hakorimana: Weye mu foto, na sakado kubwa mu mugongo, matela imekunjwa na kufungwa juu yake. Fimbo mukono huu, fimbo mukono huu. Unacheka mupaka meno ya nyuma inaonekana. Na chini yake Édouard ameandika: «Wikendi na kaka Paul. Jumamosi mulima, Jumapili mji na mize.»

Paul: Kaka, ngoja. Ile foto ni ya zamani. Unajua Édouard, anaweka bitu bila—

Hakorimana: Umevaa triko ya matanga. Ile fulana Bibiche alichapisha Walikale, akakutumia na mupadri. Sura ya Papa Byamungu iko ku kifua chako, na kamba za sakado zimepita huku na huku ya masikio yake. Usiniambie zamani, Paul. Zamani Papa alikuwaka muzima.

Paul: … Niliivaa kwa ajili yake. Nilisema nimupandishe naye, aone.

Hakorimana: Ulimupandisha Papa mulima.

Paul: Usinicheke, Hako.

Hakorimana: Sicheke. Nyusi sina, nikicheka sura yangu inatisha batoto. Nielezee tu. Hakuna tumbo?

Paul: Hakuna.

Hakorimana: Hakuna munganga, hakuna kidonda.

Paul: Hakuna. Kaka, sikiliza—

Hakorimana: Sasa hivi nimekuuliza upande gani, na ukanionyesha upande. «Hapa chini.» Ulishika na mukono, ao?

Paul: Hako.

Hakorimana: Nauliza tu. Ulishika?

Paul: … Ndiyo. Nilishika.

Hakorimana: Bon. Basi nielezee hiyo wikendi. Miye nimetembea, na weye umetembea. Tuko bantu babili ba safari. Niambie yako.

Paul: Utakasirika.

Hakorimana: Nilishakasirika Jumatatu. Elezea.

Paul: Ni… huku bantu banapanda mulima bure, kaka. Hawaendi sokoni, hawakimbie kitu. Banaamuka Jumamosi, banavaa bote, banapanda, banaangalia, banashuka. Njia imepakwa rangi ku mawe, nyeupe na nyekundu, haupotee hata ukitaka. Ukikutana na muntu anakusalimia. Hakuna mwenye anakuuliza jina. Na juu kabisa kuko nyumba, banapika supu, kuko na fromaji, jibini ya huku, nikasema kwa Édouard, onja, hii inakaribia ile ya Masisi lakini haifike. Tulilala mule. Asubui ukungu ilikuwa chini yetu, mweupe, kama ile ya kwenu Kibabi. Nili… Nilikuwa muzuri, Hako. Nakuambia kweli. Tangu Papa alikufa, ile siku njo ya kwanza nilivuta pumuzi.

Hakorimana: Jumamosi.

Paul: Jumamosi. Ndiyo.

Hakorimana: Saa ile bananinyoa.

Paul: Sikuangalia saa.

Hakorimana: Na kazi ilikuruhusu?

Paul: Patron alinipatia ruhusa. Niliposema baba yangu amekufa, akanipatia siku za… siku za matanga.

Hakorimana: Eh.

Paul: Najua.

Hakorimana: Bazungu balikupatia siku ya kulilia Papa, na ukazipeleka ku supu na fromaji.

Paul: Nimesema najua.

Hakorimana: Na Jumapili? Mize ni nini? Bibiche aliniuliza, nikasema labda ni kanisa.

Paul: Si kanisa. Ni nyumba kubwa mu mji, banaweka bitu bya zamani, bantu banaingia kuangalia. Kwanza tulitembea mji, tukakaa mukahawa moja ku kando ya muto, kuko mwenye anapiga akordeo. Kisha Édouard akasema tuingie. Na ndani, kaka… Kuko kengele ya mbwa.

Hakorimana: Kengele ya mbwa?

Paul: Ya muti, ya kuwinda. Kama ile Papa alikuwaka anamufunga mbwa wake ku shingo. Iko mu kioo, taa inaimulika kutoka juu, na karatasi kidogo: «Kongo ya mashariki». Nilisimama pale, pua ku kioo. Nikaanza kumueleza Édouard, namna mbwa anaingia mu pori, namna unasikia pahali iko, namna banafukuza nyama mupaka mu wavu. Bantu bengine bakasogea kunisikiliza. Mama moja muzee akaniuliza kama bado tunazitumia.

Hakorimana: Ukasema nini?

Paul: … Nilisema hapana. Nilisema hiyo ilishaka kwisha, ni mambo ya babu zetu.

Hakorimana: Sikia.

[kengele ya muti inagonga, kavu, mara mbili tatu]

Paul: … Ni ya Papa?

Hakorimana: Balinipatia Jumamosi, nyuma ya kunyolewa. Aliyenyolewa njo anaishika. Iko mu mukono yangu hapa, na kamba yake iko na manyoya ya ule mbwa. Jana tulienda nayo mu pori pamoja na baba zako badogo, tukarudi na paa moja. Kwa hiyo umwambie yule mama muzee kama haijakwisha.

Paul: Kaka, tafazali.

Hakorimana: Tafazali nini? Miye si muntu wa hasira, unanijua. Ungeniambia: Hako, nimechoka, moyo yangu haiwezi, enda tu na usiniulize, ningekuja. Kwa Papa ningekuja hata bila miguu. Lakini weye uliniwekea bongo, uongo yako, mu mudomo, na nikaiapia juu ya wavu ya muntu aliyenipatia shati. Bazee batajua. Wavu ikiapiwa bongo haiingie tena mu pori, weye mwenyewe njo ulinielezeaka ile siku tulikuwa batoto. Na jana tuliingia nayo. Balikula ile nyama, Paul, na batoto balikula, na miye nilikaa pale naangalia.

Paul: Hakuna mwenye anajua lakini. Si ndiyo? Ni weye na Bibiche tu.

Hakorimana: Bibiche alielewa jioni ile ile. Alifunga simu, akaenda ku muto kufua nguo zilizokuwa safi. Tangu hapo hajasema neno juu yako. Lakini hatuko babili. Mama naye aliona.

Paul: Mama?

Hakorimana: Bibiche alimuonyesha mbele hajafikiri. Alikuwa na furaha ya kuona sura yako tu, akapiga mbio kwa Mama: angalia, Paul. Mama akashika simu, akaisogeza, akairudisha. Kisha akauliza: ni nani banapigana huko?

Paul: Kupigana aje?

Hakorimana: Fikiri, Paul. Muntu na mizigo mu mugongo, matela juu, fimbo mu mukono, anapanda mulima. Mama ameona bantu ba hivyo bangapi mu maisha yake? Naye mwenyewe alikuwaka hivyo, weye ukiwa mu mugongo. Hajue kama kuko bantu banabeba matela kwa ajili ya kufurahi. Akasema: mutoto yangu anakimbia. Vita imefika ku lopitali, bamemutoa na kidonda yake, anakimbia.

Paul: Ee, Mungu.

Hakorimana: Akaenda kwa kina mama ba sala. Balifunga kula Jumanne yote, banakuombea bariyeri ikufungukie. Kisha Jumatano akaamuka na akili ingine. Akasema: kama anakimbia, anakimbia kuja wapi? Muntu anakimbiaka kwenda kwao. Basi anakuja.

Paul: Hapana.

Hakorimana: Nikamuuliza, Mama, na kucheka? Mu foto anacheka. Akasema, anacheka juu ameona njia. Sasa kila siku jioni anakaa ku barabara, ku ile jiwe ya kuanikia muhogo. Anauliza kila mwenye anatoka upande wa Hombo: hakupita kijana moja mwenye sakado? Na anakupikia. Lituma ya ndizi ya kuponda, sombe ya majani ya muhogo, na samaki ya moshi. Anapakua ku sahani, anafunika na kitambaa, anaweka ndani ya nyumba ya Papa karibu na moto. Hakuna mwenye anaigusa. Asubui anaitupia kuku na anaanza tena. Miye nalala pale pembeni yake. Usiku harufu ya sombe yako inaniamusha.

Paul: Haukumuambia?

Hakorimana: Nilitaka kwanza nisikie mudomo yako. Nilisema, labda kuko kitu sijue. Labda alivaa triko mbele munganga hajamupasua, labda Édouard ni mupumbafu. Nimepanda huku nikisema: nitamuuliza tumbo, na akisema kweli kabla sijamuuliza mulima, nitamusamehe. Ukasema uko ku kitanda unaangalia dari.

Paul: … Nilikuwa na haya.

Hakorimana: Haya ilikuja leo. Jumamosi ilikuwa wapi?

Paul: Sikiliza, kaka. Fanya hivi. Umuache Mama hivyo. Kwa sasa tu.

Hakorimana: Namna gani?

Paul: Muache aamini niko mu njia. Inamupatia nguvu, si ndiyo? Anapika, anatoka inje, umesema mwenyewe. Ukimuambia leo atakufa moyo. Umwambie umenisikia kwa simu, kama niko mu njia lakini ni mbali, itachukua wakati. Kisha polepole—

Hakorimana: Niseme nimekusikia mu njia.

Paul: Ni ya kumuhurumia tu. Si ya ubaya.

Hakorimana: Ya kwanza pia haikuwa ya ubaya?

Paul: Hako—

Hakorimana: Hapana. Kichwa niko nayo moja, na ilishanyolewa.

Paul: Unanihukumu. Weye haujue huku. Weye uko na mulima yako, na maharagi yako, na bibi yako. Miye hapa niko peke yangu, kila siku narudi mu chumba na—

Hakorimana: Umetaja bibi yangu. Vizuri. Njo nilitaka tufike pale.

Paul: Drocella iko muzima?

Hakorimana: Drocella iko Kibabi, tumbo yake imeshuka, mama yake anasema mutoto anaweza kuja siku yoyote. Maharagi ya kupanda iko mu gunia, na mvua ya kwanza ilishanyesha. Nilimuambia: naenda, ninanyolewa, nalala usiku moja, narudi. Juu hivyo njo uliniambia. «Usiku moja tu, kaka.»

Paul: Ndiyo.

Hakorimana: Jumapili asubui nilifunga kifuko yangu. Baba mudogo akaniuliza: unaenda wapi? Nikasema kwetu. Akaniangalia kama muntu mwenye homa. Akasema: aliyenyolewa analala mu nyumba ya marehemu, anachunga moto yake, mupaka mahindi mupya ikomae. Moto isizimike. Akiondoka mbele ya hapo, Byamungu hana mutoto.

Paul: [rezo inakwaruza]

Hakorimana: Nakuuliza kitu moja, na usiniambie rezo. Weye ulijua?

Paul: Babu alipokufa, Papa alilala mule. Nilikuwa mutoto, nilikuwaka namupelekea chakula.

Hakorimana: Sijauliza Babu. Nauliza: wakati unanituma, ulijua kama sitatoka?

Paul: Nilijua, kaka. Njo ile iliniogopesha. Si kichwa, si wembe. Nilisema nikifika, nitaingia mule ndani, moto itawaka, baba badogo batakaa mulangoni, na sitarudi tena huku kamwe. Mupaka mahindi, kisha watasema mupaka shamba, kisha watasema mama yako amezeeka. Niliona yote mbele yangu. Na nikasema, Hako alipendaka Papa. Hako anaweza.

Hakorimana: Hako anaweza.

Paul: Ulimupenda kuliko miye. Hata yeye alikuwaka anasema.

Hakorimana: Usimuweke Papa mu mudomo yako saa hii. … Unajua kitu inaniuma? Si matope, si nyusi. Ni vile ulifikiri yote hayo vizuri, ukaona shimo, ukapima urefu yake, kisha ukaniita «kaka» na ukanionyesha njia ya kupita pale pale. Njia isiyo na rangi ku mawe.

Paul: Ondoka basi. Rudi kwa Drocella. Miye sitakulaumu.

Hakorimana: Hautanilaumu. Aksanti. Na moto?

Paul: Bibiche atachunga.

Hakorimana: Desturi haimuruhusu Bibiche, unajua. Na baba badogo batasema nini? Batasema: munaona muntu wa milima, alikuja, akaapa bongo, akala paa yetu, akakimbia. Kisha mwengine wa kwetu akipita hapa siku ya kukimbia, nani atamupatia shati? Hapana. Leo jioni nitakaa nao. Nitasema kama niliapa bongo bila kujua. Batakata hukumu yao. Wavu itabakia ku dari, mbuzi labda nitatoa, sijue. Lakini nitasema miye mwenyewe, mbele haijasemwa na mwengine.

Paul: Na miye utasema nini juu yangu?

Hakorimana: Nitasema uko muzima. Ni habari njema, si ndiyo? Kwa muntu mugonjwa.

Paul: Kaka, nakuomba, usi—

Hakorimana: Ngoja kidogo. … Polepole, Mama, huku kuko utelezi. Shika muti. … Ndiyo, niko huku.

Paul: Ni nani? Ni Mama?

Hakorimana: Amepanda. Bibiche amemuambia niko na simu. … Kaa hapa ku kisiki, Mama, pumuzika kwanza. … Ndiyo, Mama. Ndiyo, ni yeye.

Paul: Hako. Hako, sikiliza, usimupatie—

Hakorimana: Anauliza kama umefika wapi.

Paul: Mwambie… mwambie nitapiga simu. Mwambie kesho.

Hakorimana: Sitamuambia kitu. Nakupatia yeye. Weye utamuambia: Mama, sikimbie, niko muzima, nilipanda mulima kwa kufurahi, na sikuji. Ni maneno kidogo tu. Atalia, lakini atalia ya kweli, na kesho hatakaa tena ku jiwe. Mufanyie hiyo moja, Paul. Hiyo moja, na miye mengine nitaibeba.

Paul: Siwezi.

Hakorimana: Unaweza. Sauti yako tu. Sitaki kitu ingine tena kwako mu hii dunia. … Shika hivi, Mama. Hapana, sehemu hii njo ya masikio. Bado kidogo. Paul, uko tayari?

Paul: Haloo?

Hakorimana: Ndiyo, Paul, uko na Mama. Masikio yangu iko karibu na yake.

Paul: Haloo? Haloo, Hako? Sikusikie tena. Rezo… haloo? Inakatakata huku—

Hakorimana: Paul.

Paul: Haloo? Sisikie kitu. Haloo?

Hakorimana: Rezo iko muzuri, Paul. Hakuna hata upepo. Nakusikia mupaka pumuzi.

[Muntu anapumua. Kisha simu inakatwa.]

Hakorimana: … Hapana, Mama. Imekatika. Usiigonge, haijaharibika. … Nisikilize. Nipatie mukono. Paul hayuko mu njia. … Hapana, hakuna vita. Iko muzima, tumbo yake muzima, miguu yake muzima. Ile mizigo ilikuwa ya kutembea tu. … Ndiyo. Bantu ba huko banafanyaka hivyo. … Hapana, Mama. Hakuji. … Najua. Najua. Lia, miye niko hapa.

[kengele ya muti inagonga kidogo]

Hakorimana: Tushuke sasa, moto itazimika. Na ile sahani ya jana, Mama, usiitupie kuku. Niletee. Nitaikula miye.